Ruhusa ya Mzee Pask

Nilizaliwa Cradwell na sijawahi kuhama. Cradwell ndiyo iliyohama. Siku hizi ni jina la kituo cha basi na la kliniki ya meno, na ukimwambia kijana wa Harnwick kwamba hapa palikuwa kijiji, na kati yetu na mji palikuwa na ngano tupu, anakutazama kama mlevi.

Harnwick ni mji wa viwanda vya soksi. Sisi tuliwaita Soksi, wao walituita Samadi, na tulipocheza nao mpira mtu alirudi nyumbani na jino mfukoni. Soksi walijenga mtaa mmoja upande wetu, halafu wa pili, halafu mashamba yakaisha. Serikali ikachora mpaka upya na tukaamka tumekuwa watu wa Harnwick. Baa ikawa duka la mazulia. Shule ikafungwa. Kibao cha jina la kijiji kiling'olewa na watu wa barabara, wakakitupa garini pamoja na koni zao, na mimi nilikuwapo, nikawasaidia kukibeba kwa sababu kilikuwa kizito.

Kilichobaki ni uwanja wa Mzee Pask.

Uwanja huo ulikuwa wa Pask kihalali, sehemu ya shamba lake, nyuma ya kanisa mpaka kijitoni. Lakini hakuna mtu aliyekumbuka wakati ambao Cradwell hawakuutumia. Mpira, mbio za watoto baada ya Pasaka, moto mkubwa wa sherehe ya Novemba, mbwa, wapenzi. Na kila mwaka, kabla ya mtoto yeyote kugusa mpira, mwanamke mmoja alitumwa kwa Pask na pai ya nyama ya nguruwe. Zamani alikuwa mama mkwe wa Enid Tackley. Mama mkwe alipokufa, kazi ikawa ya Enid.

Enid alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, na sote tuliokua mtaa ule tulimwita Shangazi. Alivaa kofia yake ya kanisani, akabeba pai kwa kitambaa, akagonga mlango wa nyuma wa Pask na kusema maneno yale yale: "Bwana Pask, watu wa Cradwell wanauliza kama utawaruhusu kutumia uwanja mwaka huu." Na Pask alijibu vile vile: "Fungeni geti, ng'ombe wasitoke." Ng'ombe alikuwa amewauza tangu nikiwa shuleni, na shule mimi niliiacha mapema. Bado alisema ng'ombe.

Hakuna aliyewahi kufikiri angekataa. Lakini kuingia bila kuuliza? Ungekuwa mtu gani? Ungekuwa Soksi.

Enid alikuwa na mtoto mmoja, Clive. Clive alikuwa kipa wetu. Tulilingana umri, na nikuambie ukweli, hakuwa kipa mzuri sana, ila alikuwa mkubwa, akijaza goli. Akaugua kansa ya damu, akaisha mpaka suruali zake zikavaliwa na Enid bustanini. Alipokufa mwili ulichomwa, na Enid aliyaweka majivu kabatini, pamoja na vikombe. Nilikwenda kunywa chai nikayaona pale.

Jumapili moja, mvua inanyesha, watu wote wako mezani na nyama yao, alikuja kugonga.

"Des, vaa viatu. Utanisindikiza."

Tulikwenda nyuma ya goli la upande wa kijito, goli ambamo Clive alikuwa akisimama akitutukana sisi mabeki. Nilijua anachotaka kufanya, nikamuuliza, "Umemwambia Mzee Pask?"

"Ningemwambiaje? Bwana Pask, naomba nimmwage mwanangu kwako?"

"Asingekataa, Shangazi."

"Najua asingekataa." Alikuwa anahangaika na kifuniko cha chombo cha majivu. "Nilifika mpaka mlangoni kwake. Mdomo haukufunguka. Nikamwambia nimekuja kumwamkia."

Majivu yakishalowa hayaruki kama watu wanavyodhani. Yalimganda mkononi, na alikosa pa kujifutia, akajifuta kwenye koti. Akafuta tena na tena. Kisha akanigeukia.

"Umeona kitu?"

"Sijaona."

"Basi twende, nyama yako itapoa."

Mwaka uliofuata alimpelekea Pask pai mbili. Mzee akamuuliza mbona mbili. Akasema unga ulizidi.

Pask alipokufa, hakuwa na mtoto. Shamba likaenda kwa mpwa wake, muuza magari, mtu aliyekuja Cradwell mara moja moja na viatu ambavyo havikutaka matope. Kabla maua ya kaburi hayajakauka, alikuwa ameuza uwanja kwa kampuni ya nyumba. Soksi wamefika kijitoni, tukasema.

Aliyetuita kwenye mkutano alikuwa Philippa Rudge, daktari wa meno. Alihamia Cradwell alipolinunua kanisa dogo la Wamethodisti akaweka bafu pale palipokuwa na mimbari. Mwanzoni tulimcheka, lakini alikuwa mtu wa kazi, na alikuwa na akili. Alisimama mbele yetu akatueleza sheria.

"Sikilizeni. Kama watu wa mahali wametumia ardhi ya mtu kwa michezo na kupumzika, miaka ishirini mfululizo, waziwazi, bila kuvunja ua, tunaweza kuiandikisha kuwa uwanja wa kijiji. Ikishaandikishwa, hakuna anayejenga pale. Milele. Na sisi tuna ishirini mara nyingi tu. Sharti lililobaki ni kwamba tuliingia kama wenye haki."

Jirani yangu Norman Tuffin alisimama, amefurahi. "Basi sisi tumeshinda, daktari. Hatukuwahi kuingia kihuni. Kila mwaka Enid anakwenda kuomba."

"Kuomba nini?"

"Kuomba ruhusa. Na pai anapeleka. Nzuri kweli, ya kwake haina mfano."

Philippa alikaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

"Norman," alisema, "aliyeruhusiwa ni mgeni. Mgeni hana haki. Sheria inamlinda yule aliyeingia bila kumuuliza mtu."

"Unasema kama tungekuwa wahuni tungekuwa na uwanja?"

"Ndiyo."

"Na kwa sababu tuna adabu hatuna?"

"Ndiyo, Norman."

"Sheria hiyo aliitunga nani, mwizi?"

Watu walicheka, lakini si sana. Mimi nilimtazama Enid. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Wengine walikuwa wanafikiria pa kutembeza mbwa, na bei ya nyumba zao, na kelele. Yeye alikuwa anafikiria matofali juu ya Clive.

Philippa alitaka kumwacha Enid nje kabisa. Haikuwezekana. Yule mpwa alikuwa amewahi kula kipande cha pai kwa mjomba wake, akawaambia kampuni kuna bibi mmoja wa pai, na wakili wao akatangaza kwamba atamuuliza maswali. Tungemficha, ingeonekana tumemficha. Kwa hiyo Philippa alikuja jikoni kwa Enid, na mimi nikaitwa, kwa kuwa Enid alisema hatazungumza na daktari wa meno peke yake, anahisi mdomo unamuuma.

"Bi Tackley," Philippa alisema, "sikuombi useme uongo. Pai ilikuwa zawadi ya jirani kwa jirani. Huo ni ukweli au si ukweli?"

"Ni ukweli."

"Basi ishia hapo. Ukiulizwa kama ulisema kitu mlangoni, umezeeka, ni zamani, hukumbuki."

"Sijazeeka kiasi hicho."

"Shangazi," nikasema.

"Haya. Nimezeeka."

Philippa alipoondoka tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa wakili. Nilisimama na kijiko cha mchuzi mkononi.

"Bi Tackley, mliomba ruhusa?"

"Sikumbuki."

"Usinitazame miguu. Nitazame usoni. Mliomba ruhusa?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Si mheshimiwa, ni Soksi tu. Tena."

"Sikumbuki, we Soksi mpumbavu." Akacheka, mara ya kwanza tangu Pask afe. Kisha akageuza birika upande ambao haukuhitaji kugeuzwa. "Des, nikisema vizuri, watamwacha pale alipo?"

"Watamwacha."

"Basi nitasema."

Na angesema. Mtu asiniambie kwamba Enid hakutaka kudanganya. Alitaka. Kila jioni nilimsikia kupitia ukutani akijisemesha, sikumbuki, sikumbuki, kama mtu anayefundisha kasuku.

Shauri lilisikilizwa Harnwick, ukumbini juu ya maktaba. Lazima uombe kwa Soksi kitu chako hata kama unakiombea kisichukuliwe na Soksi. Aliyeletwa kusikiliza alikuwa mwanasheria kutoka Birmingham, mtu mkimya mwenye mafua. Wakili wa kampuni aliitwa Penhale. Nilitarajia jitu la kutisha. Alikuwa mwembamba, mpole, akimvutia Enid kiti yeye mwenyewe na kumuuliza kama anasikia vizuri.

Akaanza na pai.

"Ilikuwa zawadi," Enid alisema. "Mzee alikuwa peke yake. Mwanamume wa peke yake hali vizuri."

"Na ulipoipeleka, kulikuwa na mazungumzo?"

"Sikumbuki. Ni zamani."

Alimtazama usoni kabisa. Philippa, mbele yangu, alilegeza mabega. Norman alinigonga goti. Nikafikiri, tumepita.

Penhale hakukasirika. Aligeuza karatasi taratibu. "Nakuelewa, Bi Tackley. Kwa hiyo hakukuwa na kuomba. Mliingia tu."

"Tuliingia."

"Kijiji kizima."

"Tulikuwa tukienda, ndiyo."

"Mlichimba mashimo ya nguzo za magoli."

"Wanaume walichimba."

"Mliwasha moto mkubwa kila Novemba. Majivu yake yalibaki pale mpaka masika. Na hakuna hata mmoja wenu aliyegonga mlango wa Bwana Pask kumuuliza."

Enid aliinamisha macho kwenye mkoba wake.

"Ninajaribu kumwona mzee huyu," Penhale alisema, kwa sauti ile ile ya upole, kama anayezungumza na mama yake. "Hana mtoto, hana mke. Anakaa dirishani anatazama watu wakifanya wapendavyo kwenye ardhi yake. Wanamwaga majivu yao. Hawamuulizi. Mara moja kwa mwaka wanamletea pai. Sijui kwenu, Bi Tackley, lakini kwetu tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba anayechukua cha mtu bila kuuliza ana jina lake."

Alikuwa anasema majivu ya moto wa Novemba. Hakujua kitu kingine, angejuaje? Lakini niliuona mkono wa Enid ukishuka kwenye koti na kuanza kufuta. Lilikuwa koti lile lile, hana jingine zuri. Alifuta na kufuta.

"Sisi si wezi," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Umesema mbele ya watu." Alisimama. Alisimama ingawa hakuambiwa asimame. "Mimi nimekwenda mlangoni kwa Pask kila mwaka, na kofia yangu kichwani, nikaomba kwa niaba ya watu wote wa Cradwell. Na kabla yangu mama mkwe wangu aliomba. Hakuna mtoto aliyepiga mpira pale kabla sijarudi na jibu. Hakuna! Muulize mtu yeyote hapa. Usije ukatuita wezi, wewe, hujui unazungumza na nani."

Mafua ya yule mwanasheria yalisikika ukumbi mzima.

"Nimekukosea, Bi Tackley," Penhale alisema. "Naomba unisamehe." Akakaa.

Na Enid akatugeukia. Nitalikumbuka hilo hata nikisahau jina langu. Alitugeukia akitabasamu, kidevu juu, uso umeiva, kama mtu aliyerudi kutoka kupigania watu wake na ameshinda. Ilichukua muda kidogo. Alimwona Norman kwanza, halafu wengine, halafu Philippa aliyekuwa ameinamisha kichwa. Tabasamu halikuondoka lote kwa mara moja. Lilibaki upande mmoja, likiwa limesahaulika pale.

Philippa alijaribu. Ilikuwa zamu yake, akasimama, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Bi Tackley. Kuna jambo lolote, hata moja, lililofanyika kwenye uwanja ule bila kumuomba Bwana Pask?"

Enid alinitazama. Watu wote walidhani ananitafuta nimsaidie, wakanitazama na mimi. Lilikuwa lake kusema au kutosema.

"Hakuna," alisema. "Kila kitu tuliomba."

Baadaye Philippa aliniambia kwamba hata angetaja jambo moja lisingetuokoa, ruhusa ya kila mwaka ilikuwa imetumaliza. Sikumwambia kwa nini nilicheka.

Uamuzi ulitoka kabla ya Krismasi. Tulishindwa.

Nisikufiche jinsi watu walivyokuwa. Wiki za kwanza walimsalimia Enid kwa adabu ile inayoumiza kuliko tusi. Kisha Norman akaanzisha mchezo. Tulikuwa dukani, kwenye foleni, Enid mbele na mkate wake, na Norman kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kaunta ya nyama akasema:

"Shangazi Enid, naomba ruhusa nichukue maziwa."

Enid aligeuka. "Chukua tu, Norman," alisema, hajaelewa.

Duka likacheka. Baada ya hapo haukwisha. Shangazi, naomba ruhusa nipite. Naomba ruhusa nikohoe. Mbwa wangu anaomba ruhusa. Watoto waliudaka, wakaupigia kelele nje ya dirisha lake. Nilimwambia Norman nitamng'oa meno, na bahati yake daktari anaishi karibu.

"Wewe unamtetea?" aliniambia. "Ametuuza kwa pai, Des."

"Wewe ndiye uliyesimama mkutanoni ukajisifu."

"Mimi sikusema mbele ya wakili!"

"Hukuulizwa."

"Ningenyamaza."

"Norman, wewe hujawahi kunyamaza tangu mkunga akupige kofi."

Lakini sikumng'oa meno. Ukweli ni kwamba hata mimi kuna siku nilimpita Enid getini nikashindwa la kusema. Yeye akaacha kwenda dukani. Mkate nikawa namletea mimi.

Kampuni ilipoanza kutafuta watu, niliomba kazi. Mimi ni dereva wa katapila, hiyo ndiyo kazi yangu, na kukaa nyumbani kusingeurudisha uwanja. Kabla sijakubali nilimwambia Enid. Nilitegemea anifukuze.

"Chukua," alisema. "Heri wewe kuliko mtu asiyemjua." Kisha akainuka, akaenda chini ya sinki, akarudi na ndoo ya bati, safi, imesuguliwa. "Pale nyuma ya goli. Kabla hawajakanyaga. Unijazie hii tu. Nitampeleka kwa baba yake kaburini."

"Shangazi, hutaona kitu. Ni udongo tu sasa."

"Nilikuuliza kama nitaona?"

Nikaichukua ndoo. Niliiweka nyuma ya kiti changu kwenye katapila siku ya kwanza, na wale vijana wa Harnwick wakaniuliza kama ni choo changu. Mpango ulikuwa tuanze upande wa kijito, na kazi hiyo nilikuwa nimeiomba mimi. Asubuhi hiyo msimamizi alibadilisha. Bomba la maji lilikuwa limepasuka upande wa kanisa, akanituma kule nichimbe, na upande wa kijito akawapa watu wa kukodi, waliokuja na mashine zao na malori yao. Nilimwambia nataka upande wangu. Akaniuliza kama kuna dhahabu. Ningeweza kumwambia. Ningesema kuna mtu pale. Lakini ukisema kuna mtu, wanasimamisha kazi, wanaita polisi, kisha wanakwenda kumgongea Enid na kumuuliza kwa nini alimmwaga mtu kwenye ardhi isiyo yake, na jibu lake lingekuwa midomoni mwa Norman kabla ya chakula cha mchana. Nikaenda kwenye bomba.

Nilichimba kama mwendawazimu. Nilipomaliza nilikimbia kwa miguu, na ndoo mkononi, nikipita mtaro baada ya mtaro. Nguzo za goli zilikuwa zimelala. Nyuma yake palikuwa pameparuliwa, udongo wote wa juu umeondoka, umebaki mfinyanzi wa manjano unaong'aa. Lori la mwisho lilikuwa linatoka getini.

"Mnapeleka wapi?" nilimuuliza yule wa mashine.

"Barabara ya mzunguko. Wanajenga tuta la kuzuia kelele, wanataka udongo wowote."

Njiani kurudi nilifikiria kujaza ndoo. Udongo upo tele. Angeupeleka kwa mumewe, angepumzika, nani angejua? Nilisimama kabisa karibu na bustani yangu na koleo mkononi. Kisha nikamfikiria akiupigia magoti, akiusemesha udongo wa viazi vyangu. Nikaingia kwake na ndoo tupu.

Alikuwa ametandika gazeti mezani, tayari.

"Wamemchukua, Shangazi. Nilichelewa. Walinihamisha."

Alitazama ndani ya ndoo, kama vile ningekuwa nimekosea.

"Wamempeleka wapi?"

"Kwenye tuta. Barabara ya mzunguko, upande wa Harnwick."

"Kwa Soksi."

"Ndiyo."

Alikunja gazeti. Alilikunja mara nyingi mpaka likawa dogo. "Aliwadakia penalti yao ile," alisema.

"Ile ilimgonga tu, Shangazi. Alikuwa amefumba macho."

"Najua. Aliniambia." Akaliweka gazeti mezani. "Nipeleke."

Nilimpandisha kwenye gari langu la kazi. Kulikuwa bado na mwanga, na wakati ule watu wa viwandani wanatoka, barabara imejaa. Tuta lilikuwa refu, linaanzia darajani mpaka kwenye taa, jeusi, halijaota majani, malori ya udongo yameegeshwa juu. Enid alikuwa ameushika mkono wa mlango.

"Ni wapi?"

"Sijui, Shangazi. Kati ya daraja na taa. Popote hapo."

"Simama."

"Hapasimamwi. Ni barabara kubwa hii."

"Simama kidogo tu."

"Watatugonga."

Nilipunguza mwendo. Nyuma yetu lori lilipiga honi, likaendelea kupiga, na mtu akatoa mkono dirishani akatuonyesha kidole. Tuta likaisha. Tulifika kwenye taa, halafu kwenye kipilefti, na nilikuwa nimeshawasha indiketa ya kurudi nyumbani.

"Zunguka," alisema.

Nikazunguka. Upande wa pili wa barabara kuna kizuizi katikati, huoni kitu, kwa hiyo ilibidi niende mpaka kipilefti cha viwandani, nigeuze, nianze tena kutoka darajani. Safari hii alishusha kioo. Kelele yote ya barabara iliingia ndani, na baridi, na moshi. Alitoa uso nje, nywele zimesimama, na niliona mdomo wake ukienda. Alikuwa anasema kitu kwa lile tuta, haraka haraka, ili amalize kabla hatujafika kwenye taa. Sikusikia hata neno moja.

"Funga, Shangazi, utaugua."

Hakufunga. Tulipofika kwenye kipilefti sikumuuliza, nilizunguka tena.